Kishindo Kimoja

Ulaanbaatar, Januari. Winchi yangu imelala kiwanjani,
kamba zimeota barafu kama ndevu za beberu,
na mimi, dereva wake, nimerudishwa nyumbani
mpaka baridi ilegee na zege likubali kushika.
Sarnai huondoka alfajiri kwenda kiwanda cha maziwa.
Tunabaki wawili, mimi na Nomuun,
miaka mitatu kasoro miezi miwili,
dirisha limezibwa kwa utepe wa gundi,
na nje moshi wa makaa ya mawe,
mzito, ungeweza kuutundikia koti.

Muuguzi aliandika kwenye kadi:
anapanda ngazi, anataja rangi sita,
bado hajaruka kwa miguu miwili pamoja.
"Msihangaike," akasema. "Mchezesheni tu."

Tu!
Mimi huishusha nguzo ya tani nne
juu ya alama ya chaki, upepo ukivuma.
Kuchezesha mtoto sikuwa na leseni yake.

Siku ya kwanza nilisimama kama mkaguzi wa usalama:
"Kunja magoti. Tayari. Ruka!"
Alinitazama. Akakunja magoti.
Akakaa chini, akaomba mkate.

Siku ya pili nikaacha kufundisha.
Soksi chafu zilikuwa sakafuni;
tukazirusha ndani ya sufuria, moja moja,
nyingine ikaishia kwenye supu.
Tukakanda unga wa buuz,
vidole vyake vikabana kingo za donge,
vikabana na sikio langu, kuona kama nalo litafunga.
Nikalala chali, nyayo zangu tumboni mwake,
"Mzigo unapanda! Kaeni mbali!"
na mzigo ukacheka huko juu,
jambo ambalo sheria za kazi haziruhusu.

Kisha mfuko wa vifupa vya miguu ya kondoo,
vya mama yangu, vimelainika kwa mikono ya watu.
Rusha. Ukiangukia farasi, tunakimbia hadi mlangoni.
Ngamia, tunatembea kwa maringo.
Kondoo, tunajikunyata chini ya meza.
Mbuzi, lazima kuruka.
Mabega yake yaliruka. Nyusi ziliruka.
Visigino vilibaki sakafuni kama vimepigiliwa misumari.

Wiki mbili. Mbuzi, farasi, mbuzi, mbuzi.

Alhamisi nilikuwa jikoni namenya viazi
bomba la joto likagongwa kutoka chini,
halafu mlango.
Mama Tserendulam wa ghorofa ya sita, ndara miguuni:
"Nina presha mimi! Na juu ya kichwa changu
kuna mtu anaruka tangu saa nane."
"Anaruka, au anakimbia?"
"Nimesema anaruka."
"Samahani, mama. Kishindo kinakuja kimoja au viwili?
Pu? Au pu-pu?"

Alinusa hewa, akitafuta harufu ya pombe.
Lakini alikuwa mhasibu wa reli miaka thelathini,
na hesabu ikiulizwa hujibiwa.
Akafumba macho.
"Pu," akasema. "Kimoja. Kizima."

Nikamshika mikono, maganda ya viazi na yote,
nikamvuta hadi chumbani.
Nomuun alikuwa ametupa mgongo,
amechuchumaa juu ya mfupa wake.
Ulikuwa umeanguka kondoo.
Akatazama kushoto, akatazama kulia,
akaugeuza kwa kidole mpaka ukawa mbuzi.
"Mbuzi!" akatangaza, kwa mshangao mkubwa.
Pu.

Mama Tserendulam hakushuka upesi.
Alikalia kiti chetu kibovu, yeye na presha yake,
akahesabu kwa sauti hadi ishirini na tatu,
akasema tutandike zulia, si kila mtu chini ni kiziwi.

Usiku Sarnai akaingia, kope zina theluji.
Hatukumwambia kitu. Tulimpa mfupa.
"Rusha," nikasema.
Akaurusha akiwa bado na buti.
Ngamia.
Nomuun akainama taratibu,
akanyoosha kidole.