Waraka wa Kukabidhi Zamu

Shaame, funguo hizi,
nakuachia na kazi,
nakwenda kwenye uzazi,
siku tisini nyumbani.

Programu ya karafuu,
ofisi ya huku juu,
ikikwama, wa miguu
na wa gari wako chini.

Watu wa Konde na Wete
hutaka fedha zipite;
usiwaambie wote
“ni mtandao, jamani.”

Barabara yanukia,
majamvi yameenea,
hakuna wa kungojea
ukune kichwa kitini.

Kioo kikiwa damu
usitokwe na fahamu,
soma mstari muhimu,
wa kwanza, si wa mwishoni.

Mistari mia na sita
mmoja yaufuata,
huo ndio uloleta
wenziwe wote mbioni.

Badili kimojamoja;
ukigusa kwa pamoja,
kikipona, huna hoja
ya kujua dawa gani.

Ikigoma kujengeka,
jana ilikamilika,
makombo yamechachuka
ya zamani, yamo ndani.

Yafute, uanze upya;
hata kwa viungo vipya
mchuzi hauwi mpya
kwa ukoko wa chunguni.

“Kwangu mbona yakubali?”
Hilo si jibu kamili,
linganisha mbilimbili
matoleo mashineni.

Mwaka jana, mwezi tisa,
nilikesha kwa mkasa,
nikidhani nimekosa
hesabu za ripotini:

gunia la Bwana Faki
limepimwa, sisadiki,
saa nane, giza dhiki,
hata bundi yu ndotoni!

Nilipekua msimbo
siku tatu, bila jambo,
nikampigia Kombo,
karani wa mizanini.

“Saa mbili, kumekucha,
wallahi sikukuficha,
chai ndiyo nimeacha
ikifuka kikombeni.”

Mbili yake ni ya jua;
mashine yaitambua
ni ya Kizungu, wajua,
nane zetu za gizani.

Msimbo haukukosa,
Kombo naye hana kosa;
mimi, fundi wa kisasa,
sikuuliza mwanzoni.

Usianze na kuchimba
ukafumua na nyumba,
wapigie walo shamba
uwaulize yakini.

Nakala weka daima
kila inaposimama,
umeme huku huzima
bila hodi mlangoni.

Na ukitibu, andika
sababu, pasi kuchoka;
kitabu nimekiweka
chini ya simu mezani.

Mwisho, ukikwama sana,
mweleze tu Bi Hasina,
afagiapo mchana,
jambo tangu mizizini.

Msimbo yeye hajui,
huitika, hasumbui,
nawe, vipi hutambui,
jibu li mwako kinywani.

Ni Mize, nimemaliza,
mtoto naye acheza;
ukipiga, kwanza waza
saa yako ni ya nani.