Pete Mia Mbili na Kumi na Moja

Alikuja karakanani kwangu, Katuba, mwezi wa kumi,
vumbi jekundu limempanda hadi magotini,
akaniwekea karatasi juu ya fuawe:
pete mia mbili na kumi na moja, shaba tupu,
kila moja itoshe kifundo cha mguu.
"Mguu wa nani?" nikauliza.
Kabla mkalimani hajafungua kinywa
alikwishavua kiatu.

Nikampima kwa kamba ya katani.
Kifundo chembamba, kovu la baiskeli.
Jandira, wa Bahia, ng'ambo ya maji
ambayo mimi nimeyaona kwenye kalenda ya benki.

Watoto wa avenyu wakamzunguka: "Muzungu! Muzungu!"
Naye mweusi kunishinda.
Wanasemaje? Nikamwambia: wanakuamkia.
Usiku ule bukari ulikataa kushuka.

Nimechomelea mageti, vitanda, vizimba vya kuku.
Pete za mguu mkono wangu uliziweza upesi mno,
kama mtu aliyerudi nyumbani gizani
asipapase ukuta.
Hilo ndilo lililoniudhi.

Babu wa babu yangu alikuwa mtu wa misafara.
Tunasema hivyo tu, mtu wa misafara,
hatuulizi alishika ncha ipi ya kamba.
Hata Kiswahili hiki ninachopatania nacho bei
kilikuja njia ileile, kikatukuta tumekaa,
kikala kuku wetu, kikawa shemeji.

Jumamosi, soko la Kenya,
akasimama mbele ya rundo la unga wa mahindi
akasema peke yake, kama anayepiga chafya:
"Fuba."
Mama Kasang wa Dilolo akainua kichwa.
Nani kakufundisha?
Bibi yangu.
Na yeye?
Hapo mkalimani akatazama viatu vyake.
Mama Kasang akampimia kopo, akaongeza konzi,
bei akakataa kupunguza.

Siku ya maonyesho, ndani ya hanga karibu na reli,
pete zilining'inia kwa nyuzi za nailoni
usawa wa miguu yetu, zote wazi,
ukipita zinagusana, zinanong'ona.
Mkubwa mmoja wa tai alihutubia nusu saa.
Kijana mchimbaji kutoka Kipushi
alipima moja kiganjani, akafumba macho:
"Hizi zote pamoja, mzee, ni karo ya mwaka."
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshalipwa.

Jioni wakahesabu: mia mbili na kumi.
Mlinzi akataka kutupekua, mifuko na matiti,
mlango ukafungwa.
Jandira akahesabu tena, polepole, akicheka na kulia,
akasema neno, na mkalimani akaligeuza:
"Mfungueni mlango. Mmoja amekimbia."

Ameshapanda ndege. Pete mimi najua iko wapi.
Ni komeo la kizimba cha kuku, nyumba ya tatu kutoka kwangu.
Upepo ukivuma naisikia ikigonga.
Simwambii mtu.