Mizani ya Muhoroni

Zamu yangu huanza saa mbili usiku,
trekta zikiwa foleni hadi kwenye reli,
miwa imening'inia pande zote kama nywele zisizochanwa.
Trela hupanda chuma ikiwa imejaa, naandika.
Hurudi tupu, naandika tena.
Natoa la pili katika la kwanza, basi.
Miwa yenyewe sijaipima hata siku moja.
Naijua kwa kutoa.

Jana Ogwang' hakusogea.
Alizima injini juu ya mizani, akaniita dirishani:
"Karani, wewe mtu wa kanisa.
Mungu ana uzito gani?"
Jumamosi alikuwa Koru, akimzika mwanawe wa miaka minne.
Sikucheka.

Ninayo majibu. Mwalimu Zablon alitukaririsha
mwaka mzima, chini ya mabati yanayovuja:
hana mwanzo, hana mwili, habadiliki.
Sikiliza yalivyo: hana, hana, ha—
Nako ni kutoa.
Si jua. Si radi inayopiga vilima vya Nandi.
Si baba, ingawa twamwita Baba.
Unatoa, unatoa, mpaka unabaki na kitu
ambacho mkono haukukishika
na kalamu inakiandika.

Nilifungua mdomo nimweleze haya,
nikaona kofia yake magotini,
namna alivyoikunja, akaikunjua,
nikakumbuka nasema na mtu
ambaye hesabu hiyo ameshafanyiwa.

Nikasema lingine, la kikarani:
"Mizani hii hupima chochote kilicho juu yake.
Udongo unaoibeba, haiwezi."

"Udongo," alisema. "Huo ndio nilimfunikia."

Nyuma yetu wakapiga honi.
Nikampa risiti. Akaisoma kitambo kirefu,
kama barua iliyotoka mbali,
akaitia mfuko wa shati, akawasha.

Trela ikishuka, namba hurudi sufuri.
Usiku mwingine hucheza: kilo kumi, kilo ishirini,
na juu ya chuma hakuna kitu.
Fundi husema ni upepo,
au tope lililoganda chini ya bamba.
Kuna kitufe cha kuifuta.

Jana ilicheza mpaka trekta iliyofuata ikapanda.
Sikukigusa.