Kidole cha Shahada

Mwezi wa tatu sasa tangu niingie kwa Gwilliam na Pugh,
ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
hapa Swansea ambako mvua haina adabu,
hunyesha kwa ubavu.
Shahada yangu ya sheria mama ameitundika sebuleni,
karibu na picha ya mbwa wetu aliyekufa.

Kazi yangu ni kupanga mifupa.
Nyonga ya Bi Eluned aliyeteleza dukani: kabati la juu.
Shingo tatu za ajali ya kipilefti: kabati la kati.
Goti la mtoto wa shule bado liko mezani,
linamngoja daktari wa pili
aje apinge alichosema wa kwanza.
Na kuna kitabu cha bei.
Bi Gwilliam hukifungua bila kutazama namba za kurasa.
"Gumba ni ghali," aliniambia siku ya kwanza,
"kidole cha mwisho rahisi. Na usiulize bei ya jicho kabla ya kula."

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Faili langu la kwanza ni Gethin Prosser,
mwoka mikate, umri hamsini na minane,
thelathini na mmoja kati ya hiyo mbele ya tanuri lile lile.
Mashine ya kukandia haikuwa na kinga.
Mkono wa kulia: kidole cha shahada, chote.
Cha kati, hadi fundo la pili.
Watu wa bima wameandika kwa upole wa kisu kipya:
mteja wenu naye alichangia, robo ya kosa ni lake,
alikuwa na haraka.

*Alikuwa na haraka kwa sababu saa kumi na moja alfajiri
watu wanataka mkate.*
Sentensi hiyo niliiandika mimi.
Bi Gwilliam akaikata kwa wino mwekundu:
"Ni kweli. Lakini si hoja."

Nikampigia simu, orodha mkononi.
Unaweza kufunga vifungo vya shati?
Kalamu, unaishika?
Unasikia maumivu mahali pasipo na kitu?
Akanyamaza. Nikasikia redio yake.
"Binti, jana mgeni kaniuliza njia ya stesheni.
Nikanyoosha mkono kumwonyesha.
Akafuata kile kilichobaki,
akaishia baharini."
Nikaandika: *ugumu wa kuelekeza.*
Nikapekua kitabu mpaka mwisho. Hakimo.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa,
wakaenda zao;
hawakusema unga unakandwaje kwa viwili na nusu
na gumba.

Jumanne akaja mwenyewe, kalowa,
kitu kwapani kimefungwa kwa taulo.
Mkate. Wa kwanza tangu hospitali,
umelalia upande mmoja kama kofia ya mlevi,
bado una joto.
Zawadi zote, sheria ya ofisi, lazima ziingie daftarini:
jina la mtoaji, tarehe, kitu, thamani.
Nikaandika: *mkate mmoja.*
Kalamu ikasita. Nikakumbuka bei za dukani,
nikaweka pauni tatu na nusu.

Prosser akainama juu ya meza, akasoma,
akatikisa kichwa.
"Hiyo ni bei ya ulionyooka," akasema.
"Uliopinda tunauza nusu."