Kitako cha Kikombe

Wengine hutazama maua. Mimi hupindua,
nasoma kitakoni: taji la kijani, Burslem,
na kialama chekundu, kama unyayo wa kifaranga,
cha mchoraji aliyelipwa kwa dazeni.

Hiki nimekipata sokoni Tukuyu, siku ya manyunyu.
Mama Anyisile alikuwa akipimia usipa.
Elfu tatu. Sikubishana.

Kabatini vimefika kumi na saba,
hakuna viwili vilivyozaliwa pamoja.
Wageni hudhani naipenda Uingereza.

Mama yangu Tusekile, kwa bwana wa chai,
alivunja kimoja tu.
Wakamkata mshahara miezi miwili.

Vyungu vya Ikombe havina jina;
mfinyanzi unamjua kwa kupapasa mdomo.
Basi naye, macho yakiwa na wingu,
amezungusha kidole gumba ukingoni, polepole,
akarudi pale palipomeguka,
akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.

“Sicho,” akasema. “Kile kililia
kwa sauti nyembamba zaidi.”

Akanirudishia.
Akaomba chai yake
kwenye kikombe cha bati.