Nyumba ya Sita

Shangazi Ngosa hataki kalamu.
"Sikiliza kwa vidole," ananisukumia
ungo wa matembele niyachambue.

Lubumbashi yake inaanza na bomba,
hapo penye duka la simu.
Wanawake wa kambi walipanga ndoo usiku,
wakaenda kulala; ndoo zikagombana zenyewe.
Nyumba ya sita, ya babu yako:
chumba kimoja, watu tisa, mlango wa bluu,
rangi iliyoibwa karakana ya reli.

Mwaka gani?
"Mwaka ule bukari ilikuwa ya njano."

Na jina langu? Ntumba si la kwetu.
Kisu kinasimama.

"La mtoto wa nyumba ya saba.
Walipofukuzwa walipita hapa, magodoro kichwani,
kwenda stesheni.
Babu yako alifunga mlango."

Kimya.

"Ule wa bluu. Nipe chumvi."