Ushanga wa Tisini na Sita

Umeme umekatika tena Mvumi Misheni
na mama mkwe ameuliza lile swali lake
huku akipepeta uwele, kama anayeuliza bei ya chumvi:
"Nani alimfunga mtoto huyu?"

Hakuna aliyemfunga, mama.
Kuna kitu ndani yake hakikufungika.
Nipe hilo kopo lako la shanga.

Miaka tisa nimechora retikulamu ubaoni,
kidato cha tano, chaki ya bluu,
mikunjo juu ya mikunjo kama magodoro ya stoo ya bweni,
vidoa vya ribosomu pembeni.
Nikaandika: hutengeneza protini.
Nikafuta. Kengele ikalia.
Sikujua nachora nyumba ambamo mwanangu
ataanza kuugua kabla hajajua kukaa.

Tazama, natunga. Mia moja na kumi.
Hizi ishirini na nne za mwanzo ni za kupigia hodi tu;
uzi ukishaingia, mkasi unazikata,
zinaachwa kama kandambili mlangoni.
Zimebaki themanini na sita, zinaning'inia gizani,
zimelegea, hazijawa kitu.
Insulini si uzi, mama.
Insulini ni umbo.

Humo ndani wamo wasaidizi,
nao ni protini, kazi yao kushika.
Wanaushika uzi usijisokote ovyo,
wanaungoja ujikunje panapostahili,
kisha salfa kwa salfa: fundo,
fundo,
fundo la tatu.
Hapo ndipo unaruhusiwa kwenda Golji,
na mbele ya safari kipande cha kati kitakatwa,
lakini tusifike huko. Wa Nyemo haufiki huko.

Damu yake ilipanda ndege. Jibu lilirudi baada ya miezi saba
kwenye bahasha nyembamba kuliko ankara ya maji:
ushanga wa tisini na sita si wenyewe.
"Mmoja?"
Mmoja. Palipotakiwa wenye salfa umekaa mwingine,
na fundo likimtafuta mwenzake linashika hewa,
au linamkamata jirani asiyehusika.

Wasaidizi hawakati tamaa upesi.
Wanakunjua, wanakunja upya.
Wakishindwa wanausukuma nje ukakatwekatwe.
Ila uzi mwingine umeshaingia, na mwingine, na mwingine,
zinarundikana mikunjoni
kama magunia ya alizeti siku mashine ya Kibaigwa imekufa.
Seli inapunguza kazi. Inaita wasaidizi zaidi.
Inatanua kuta.
Halafu siku moja inajizima yenyewe.
Nimetafuta neno la upole zaidi, sijalipata.

Mama mkwe alinyamaza. Ungo umeinama,
kuku wa kina Chilongola wanajilia uwele wetu
na hakuna anayewafukuza.
Kisha: "Na hao wanaoshika uzi, hawachoki?"

Miaka tisa, mikondo miwili kila mwaka,
hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hilo.
Wanachoka, mama. Ndio ugonjwa wenyewe.

Saa moja usiku. Nyemo amepandisha fulana bila kuambiwa,
kitovu nje, anahesabu vidole vya miguu.
Nafunua chungu kilicho ndani ya chungu,
mchanga mbichi katikati,
na kichupa kimepoa kama jiwe la asubuhi.

"Na hii, mafundo yake kafunga nani?"
Chachu.
Walikiandikia kijidudu hicho maagizo yaliyo sahihi,
nacho kikakunja, ndani ya mikunjo yake midogo,
kwa ajili ya mtoto kisiyemjua.
"Chachu? Ya pombe?"
Ya ukoo huo huo.

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani,
yeye aliyevunja mitungi yake ya pombe
mwaka ule aliookoka.
"Kumbe nilikuwa nafukuza waganga."

Nikavuta dawa. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kidogo,
sijui kwa nini, ni jambo la kila siku.
Shika tochi, mama, nikamwambia.
Akaishika,
kwa mikono miwili.